ALIYEACHA KWA AJILI YA RAMADHANI: NANI ATAMSHIKA MKONO BAADA YA IDD?

Hotuba ya mshauri nasaha kwa vijana na wazazi wa Kitui na Makueni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.



Ama baad. Nimeombwa nizungumze juu ya kumshauri mtu anayejitoa kwenye pombe na madawa ya kulevya, tangu anapotibiwa mpaka anapopona. Mada hii ni ndefu, na najua watu wameshiba futari. Kwa hivyo nitaishika kwa upande ule unaotuhusu mwezi huu.

Kila mwaka mambo huwa yale yale. Mwezi unakaribia kuandama, na ndugu yetu mmoja ambaye haonekani msikitini anaweka glasi chini. Usiku wa kwanza wa tarawehe yumo safu ya mbele, kanzu imepigwa pasi. Sote twafurahi, twampa mkono, twasema mashaallah. Siku thelathini anafunga nasi na kufuturu nasi. Idd inaingia. Idd pili au Idd tatu keshaonekana pale pale alipokuwa. Basi twaanza kunong'onezana: "Ah, yule! Alikuwa akituchezea tu."

Ndugu zangu, wengi wao hawakuwa wakicheza. Walitaka kuacha kwa dhati ya moyo. Walichokosa ni tiba, na mtu wa kuwa nao mwezi wa Shawwal. Hilo ndilo neno langu la leo. Ramadhani humfungulia mraibu mlango, lakini kuupita mlango ule kunataka daktari, kunataka mshauri, na kunataka jamaa ambao hawatamwacha mkono baada ya Idd.

TUSIJIDANGANYE KUWA HAYATUHUSU

Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa nchini Kenya, katika watu wa miaka 15 hadi 65, mtu 1 kati ya 6 anatumia angalau aina moja ya kilevi, tumbaku ikihesabiwa humo. Wanaotumia pombe peke yake ni kama mtu 1 kati ya 8. Sasa hebu hesabuni nyumba za mtaani kwenu, mwone.

Hapa Ukambani pombe si mgeni. Kaluvu ilikuwepo tangu enzi za wazee, ikinywewa na wazee katika shughuli zao. Leo mambo yamebadilika. Barabara ya Mombasa inapita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi mpaka Mtito Andei, na kila pahali lori linapolala pana baa, pana muguka, na kwa anayejua kuuliza pana bangi. Kijana wa boda boda anashika pesa kila siku, tena anazishika jioni, karibu na mlango wa baa. Upande wa Kitui na Mwingi miraa na muguka ziko steji na sokoni, na bei yake haimshindi hata mwanafunzi.

Na tusisahau Mei 2014. Pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu kwa siku chache katika kaunti kadhaa, na zetu mbili, Kitui na Makueni, zilikuwemo pamoja na Embu na Kiambu. Wengine walibaki hai lakini macho yakapofuka. Kabla ya hapo, mwaka 2005, jirani zetu wa Machakos walizika watu wao kwa sababu hiyo hiyo.

Sisi Waislamu wa huku tu wachache, na tunajuana. Kujuana huko kuna uzuri wake, lakini kuna madhara pia: aliye na tatizo hujificha. Anaogopa akimwambia imamu, kesho litakuwa sokoni. Mama anayejua mwanawe anakunywa humficha asionekane na wageni. Dada anayetumia ndiye hujificha zaidi ya wote, kwa sababu tunamhukumu mara mbili, kwa ulevi wake na kwa kuwa mwanamke. Kwa hivyo ugonjwa unakomaa ndani ya nyumba, na sisi tunausikia siku ya mazishi.

NI DHAMBI, NA NI UGONJWA

Kuna wanaouliza: "Mshauri, mbona unaita ugonjwa kitu ambacho ni haramu?" Swali zuri. Uharamu wa pombe umekamilika, wala mimi sina la kupunguza hapo. Lakini mtu anaweza kuingia kwa hiari yake akafika pahali hawezi kutoka peke yake. Aliyekimbiza pikipiki kwa kasi akavunjika mguu, kosa ni lake. Je, tutamwacha njiani bila ya kumpeleka hospitali?

Uraibu ni hali ambayo ubongo umezoea kilevi mpaka unakihesabu kama chakula. Mwenyewe anaona hasara, analia, anaapa, na bado mkono unakwenda. Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha ya magonjwa. Na kama kisukari au presha, hauna siku ya kusema "nimemaliza". Mtu anaishi nao vizuri miaka mingi akiutunza, na akiuachilia unarudi.

Tutazame pia vile pombe ilivyoharamishwa. Aya hazikuteremka zote siku moja. Kwanza ilielezwa, katika Surat al-Baqarah, kuwa madhara yake yanazidi manufaa yake. Kisha, katika Surat an-Nisaa, waumini wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa. Mwisho, katika Surat al-Maidah, ikakatazwa moja kwa moja, na watu wa Madina wakaimwaga njiani. Leo hakuna wa kusema atakunywa nusu nusu kwa hoja hiyo. La kujifunza ni kwamba nyoyo zililelewa kwanza, na mshauri naye anataka subira ya malezi.

HATARI YA KUACHA GHAFLA

Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa wazazi, kwa sababu jambo hili linaua.

Mtu anayekunywa pombe nyingi kila siku, yule ambaye asubuhi hawezi kushika kikombe mpaka apate ya kutoa loki, akiacha ghafla mwili wake hufanya vita. Kati ya saa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho anaanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika, moyo kwenda mbio. Siku ya kwanza au ya pili anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa nacho. Siku ya pili hadi ya nne wengine huweweseka: wanaona wadudu ukutani, wanasikia sauti, wanapigana na watu wasiokuwepo. Asiyetibiwa hali hiyo anaweza kufa.

Sasa pigeni hesabu. Ameweka glasi chini usiku wa kuandama mwezi. Siku ya pili au ya tatu ya Ramadhani, jua kali, hana maji mwilini, anaanguka. Sisi twasemaje? "Amepandwa na jini!" Analazwa mkekani, anasomewa mpaka Magharibi. Ndugu zangu, kumsomea Qur'ani ni kheri, lakini somea ukiwa ndani ya gari linaloelekea hospitali. Kitui kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Wote iko ya Makueni. Makindu iko hospitali pembeni mwa barabara kuu. Daktari ana dawa za kumtuliza na kuzuia kifafa, atampa vitamini ambazo pombe imezimaliza mwilini, atampunguzia dawa hizo pole pole kwa siku chache.

"Na saumu yake?" Mgonjwa ana ruhusa, na ruhusa hiyo imo katika aya zile zile za Surat al-Baqarah zilizoifaradhisha saumu. Atalipa siku zake akipata nguvu, na masheikh wetu watamweleza namna. Basi asionewe haya akinywa dawa mchana.

Kwa hivyo mwezi wa Shaaban ndio wakati wa kumwendea, kabla ya mwezi kuandama. Mwambie: "Najua unataka kufunga. Twende kwa daktari kwanza, tupange."

Muguka, miraa na bangi hazina hatari hiyo ya kifafa anapoziacha, lakini zina taabu yake: usingizi mwingi au kukosa usingizi, hasira za bure, moyo mzito. Tena kuna wanaofunga mchana, na baada ya tarawehe wanakaa kutafuna mpaka daku. Huyo hakuacha; amehamisha saa tu.

Heroini, wengi wetu huku twaiona ni ya Mombasa na Malindi. Lakini vijana wetu wanafanya kazi huko na wanarudi nyumbani kwa Idd. Arosto yake ni mateso makubwa, na tiba ipo: Kenya ilianza kutoa methadoni Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015. La kukumbuka ni hili. Mtu akikaa mwezi mzima bila ya heroini, mwili unasahau. Akiirudia siku ya Idd kwa kipimo chake cha zamani, kipimo kile kile kinaweza kumuua. Kwa hivyo kijana aliyeacha Ramadhani nzima yumo hatarini zaidi wiki ile ya Idd, wakati sote tunamwona kapona.

NAMNA YA KUZUNGUMZA NAYE

Sasa tuje kwenye ushauri wenyewe. Ushauri nasaha si mawaidha. Mawaidha yana mahali pake na mimbari yake. Mshauri kazi yake kubwa ni kusikiliza.

Chukulia mfano wa kijana wa boda boda na ami yake. Ami anaweza kuanza hivi: "Wewe huna haya? Babako alikuwa mwadhini, wewe watuaibisha mji mzima!" Kijana atainamisha kichwa, ataitika "naam ami", na akitoka pale ataelekea pale pale. Ile aibu imemfanya atafute cha kumsahaulisha.

Au ami anaweza kuanza hivi:

"Mwanangu, nimefurahi kukuona tarawehe. Siku hizi unalalaje?"

"Silali, ami. Nageuka geuka mpaka daku."

"Na ile kiu hukujia saa ngapi zaidi?"

"Jioni, nikirudi steji. Wenzangu wakiinuka kwenda, mimi nabaki natetemeka."

"Jioni ile ungependa uwe wapi?"

"Popote ami, mradi nisiwe peke yangu."

Mmeona? Ami hakuhutubia. Ameuliza maneno matatu, na sasa anajua saa, anajua mahali, na anajua dawa ya kwanza, ambayo ni kutokumwacha kijana peke yake jioni.

Kuna swali jingine washauri hulitumia. Muulize: "Kutoka moja hadi kumi, una hamu gani ya kuacha?" Akisema nne, usimwambie "mbona kidogo hivyo?" Muulize: "Mbona umesema nne, hukusema moja?" Hapo atakutajia sababu zake mwenyewe: mwanawe, deni, mama yake, afya. Sababu aliyoitamka yeye ina nguvu kuliko kumi ulizomletea wewe. Wataalamu William Miller na Stephen Rollnick walioandika juu ya njia hii mwaka 1991 walieleza kuwa ukimsukuma mtu, atajitetea, ukimsikiliza, atajishawishi.

Na siri, jamani. Alilokwambia ni amana. Usimsimulie mkeo, usiliweke kwenye kikundi cha simu, usiliombee dua hadharani kwa kutaja jina lake. Siri inavunjwa tu pale maisha yake au ya mwenzake yako hatarini, na mwambie hivyo tangu mwanzo.

Katika hadithi aliyoipokea Bukhari kuna sahaba aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa. Mtu mmoja akamlaani. Mtume (s.a.w.) alimkataza, akaeleza kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ya kosa ilikuwepo, lakini mlango wa mapenzi haukufungwa. Nasi tusiufunge.

NENO KWA FAMILIA

Mama, najua unaumia. Lakini unapolipa deni lake la baa, unamnunulia ya kesho. Mpe chakula, mpe kitanda, mfulie nguo. Pesa taslimu usimpe. Akitaka nauli ya kwenda kliniki, aende na mtu. Mke naye asibebeshwe peke yake mzigo wa kumlinda mume mzima usiku kucha, na penye kupigwa, usalama wake na wa watoto hutangulia.

Watoto nao waambiwe kwa maneno yao. Mtoto wa miaka minane anajua kuwa baba anaumwa kabla hatujamwambia. Mwambieni si kosa lake.

Jambo jingine: kuna familia zinazomtilia mtu "dawa ya kuacha pombe" ndani ya chai bila ya yeye kujua. Msifanye hivyo. Dawa inayoitwa disulfiramu ipo kweli, na madaktari huitoa. Lakini mtu aliyeimeza akinywa pombe hushikwa vibaya, moyo unakwenda mbio na presha inaweza kushuka ghafla. Hupewa mtu aliyekubali na aliyepimwa. Ya kutegeana kwenye chai inaweza kuwazika mtu.

SIKU KUMI ZA MWISHO NI ZA KUPANGA SHAWWAL

Tunapotafuta Laylatul Qadr, tukae pia na ndugu yetu tupange. Kaeni naye na karatasi, mjibu haya.

Idd mosi baada ya sala atakuwa nyumba ya nani? Pesa zake za Idd atazishika nani? Ni rafiki gani watatu watakaompigia simu kumwita, na atawajibu nini? Jioni ile ya saa kumi na mbili, iliyokuwa ya futari na watu, sasa itakuwa ya nini? Njaa, hasira, upweke na uchovu ndivyo vichochezi vinavyomrudisha mtu zaidi. Ramadhani alikuwa na njaa na uchovu, lakini hakuwa mpweke. Shawwal atashiba, na upweke utarudi.

Zipo saumu sita za Shawwal. Mwenye afya azifunge pamoja naye, wafuturu pamoja, na mwezi utakuwa umeendelea kidogo.

Mnaijua hadithi ya mtu aliyeua watu tisini na tisa, kisha akatimiza mia. Alipomfikia mwanachuoni, hakuambiwa "tubu" peke yake. Alielekezwa auhame mji wake, aende kwa watu wema aabudu pamoja nao. Wataalamu wa leo wanasema hivyo hivyo: aliyepona akirudi kwenye kiti kile kile na marafiki wale wale, ni vigumu. Ndiyo maana Zanzibar, kuanzia mwaka 2009, waliopona walifungua nyumba za sober, ambako anayetoka kwenye kilevi huishi miezi kadhaa na wenzake waliopita njia hiyo. Marekani, Waislamu wa Baltimore walianzisha Millati Islami mwaka 1989, wakazichukua hatua kumi na mbili zinazotumiwa na vikundi vya walioacha pombe wakazipanga kwa misingi ya dini yetu. Sisi huku hatuwezi kujenga jumba leo. Lakini kiti kipya na marafiki wapya twaweza kumpa.

Na akiteleza? Wakulima wa Kitui na Makueni mnaijua fanya juu. Unachimba mfereji, udongo unautupa upande wa juu, unapata tuta la kushika maji. Mvua kubwa ya Novemba ikivunja tuta pahali pamoja, hakuna mkulima anayesema "basi shamba limeisha, nauza". Anachukua jembe asubuhi, anaziba, na anatazama maji yalipitia wapi. Aliyekunywa siku moja baada ya siku arobaini, zile arobaini hazikufutika. Muulize maji yalipitia wapi, mzibe pamoja, siku ile ile, kabla hajasema "nimeshaharibu, acha niendelee".

Wazee wa Kikamba hawakuchimba matuta yale mmoja mmoja. Waliitana mwethya, wakaenda shamba la huyu leo na la yule kesho. Nataka tufanye mwethya wa namna hiyo.

TUNAYOWEZA KUANZA NAYO

Kwanza, kila msikiti uwe na watu wawili wanaojulikana, mwanamume na mwanamke, wenye kushika siri, ambao mtu anaweza kuwaendea. Wasijifanye madaktari. Kazi yao ni kusikiliza na kusindikiza.

Pili, tuwe na kibaraza cha chai mara moja kwa wiki baada ya Isha, mwaka mzima. Chai, kahawa, mahamri, stori, mpira. Aliyeacha aje bila ya kutambulishwa kama aliyeacha.

Tatu, sehemu ya sadaka zetu iwekwe kwa nauli na gharama za matibabu. Ni aibu mtu ameshakubali kutibiwa, akose nauli ya kutoka Mtito Andei kwenda Wote.

Nne, ishikeni nambari hii: 1192. Ni simu ya bure ya NACADA, mraibu au jamaa yake anaweza kupiga akapata ushauri na kuelekezwa pa kwenda.

Na wewe uliyekaa hapa ukijua kuwa haya yote nimeyasema juu yako: umefika siku ya leo, hilo si dogo. Usisubiri mwezi uishe. Kabla ya kulala leo, mwambie mtu mmoja.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira mama zetu na wake zetu, awahifadhi vijana wetu wa Kitui na Makueni, na atujaalie tuwe watu ambao aliyeanguka hatuogopi kutuita. Azikubali saumu zetu na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa sote tumo ndani ya safu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.